Hondohondo Hakujibu

Vandi hakurudi na almasi. Miaka minne alikuwa kule machimboni akichekecha kokoto ndani ya maji ya kiunoni, na siku aliyoshuka kwenye lori pale njia panda ya Ngolawoma alikuwa na bunduki ya mtutu mmoja iliyozungushiwa gunia, na ujuzi mmoja ambao Baindu, mke wa kaka yake, hakuujua mpaka kesho yake asubuhi walipokwenda kwenye shamba la kakao.

Shamba lao lilikuwa la mwisho kabla ya msitu. Ukivuka kijito tu, umeingia kwenye miti ambayo hakuna aliyeipanda. Vandi alisimama ukingoni mwa kijito, akabana pua kwa vidole viwili, akainua uso, akatoa sauti nyembamba, ndefu, inayopanda na kushuka. Baindu alikuwa ameisikia sauti ile tangu utotoni, na kila mara alipoisikia aliwatazama vifaranga wake. Ilikuwa sauti ya tai.

Ng'ambo ya pili kima wenye ndevu nyeupe wakalipuka. Dume akabweka, majike wakadakia, na kabla hawajamaliza, hondohondo nao wakaitikia kwa vilio vyao vya kukwaruza, mbawa zikivuma juu ya miti kama mchele unaopepetwa kwenye ungo mkubwa. Msitu mzima ulikuwa unamtafuta tai. Vandi hakutafuta kitu. Alimtazama yule dume aliyesimama kwenye tawi la wazi akipiga kelele, akaelekeza bunduki, akapiga.

"Umeona, shemeji?" alisema, akirudi na mzoga ukining'inia mkononi. "Simtafuti mtu. Namwita, na yeye mwenyewe ananiambia yuko wapi."

"Umemdanganya," Baindu alisema.

"Basi leo tutakula uongo na wali. Chukua, mzito huyu."

Kpana, mumewe Baindu, alikuwa amekaa chini ya jukwaa la kuanikia kakao. Aliinua uso wake upande ilikotoka sauti. Usubi wa mtoni ulikuwa umemla macho taratibu, mwaka baada ya mwaka, na sasa alichokuwa akiona ni weupe na weusi, kama mtu anayetazama kupitia shuka. Yeye ndiye aliyempelekea Vandi ujumbe arudi. Kakao ilihitaji mikono ya mwanamume, na binti yao Yema alikuwa shule ya bweni Kenema, na Baindu peke yake alikuwa anashindwa.

"Aliyelia ni tai?" Kpana aliuliza.

"Ni mdogo wako," Baindu alijibu.

"Hata mimi amenipata," Kpana alisema.

Baindu hakuwa mgeni wa mambo ya msitu. Baba yake, mzee Senesi, alikuwa mwindaji, na kwa kuwa hakujaliwa mtoto wa kiume, alimchukua yeye. Jambo la kwanza alilomfundisha halikuwa kutega wala kufuata nyayo. Alimkalisha chini, akamwambia asikilize.

"Kima ana makelele mawili makubwa," mzee alimweleza. "Akimwona tai analia hivi, akimwona chui analia vile. Sikio lako likishindwa kutofautisha, msikilize hondohondo, maana yeye hashindwi. Tai humkamata hondohondo pia. Kwa hiyo akisikia kima wanamlilia tai, naye atapiga kelele. Lakini chui hana habari naye, hawezi kumfikia kule juu. Kima wakimlilia chui, hondohondo anaendelea kula matunda yake kama vile hakuna lililosemwa. Umenisikia? Kima wakilia na ndege wakajibu, endelea na safari yako. Kima wakilia na ndege wasijibu, simama. Geuka. Rudi ulikotoka, na usikimbie."

Mara mbili katika maisha yake Baindu alisimama, akageuka, akarudi. Mara zote mbili hakumwona chui, lakini kesho yake aliziona nyayo.

Msimu ule wa kiangazi nyumba yao ilinuka moshi na mafuta. Vandi alijenga uchaga nyuma ya jiko, akabanika nyama usiku na mchana, na madereva wa malori ya magogo walizoea kusimama pale. Yema alitumiwa viatu na godoro. Watu waliokuwa wakipita bila salamu sasa walisimama. "Kpana, mdogo wako ni mwanamume," walisema, na Kpana aliitikia kwa kichwa, na Baindu alipika, maana nyama ilikuwa imeletwa.

Ndege ndio walioanza kubadilika. Baindu aliligundua hilo asubuhi moja alipokuwa anavunja maganda ya kakao. Vandi alipiga mlio wake, kima wawili watatu wakaanza kulia kisha wakakatisha, na hondohondo hawakusema neno. Waliruka tu. Mbawa zikavuma mara moja, zikapotelea ndani. Mwezi uliofuata kima nao wakaacha. Vandi akibana pua na kulia, msitu unafunga mdomo. Hata nyenje walikuwa kama wamepungua sauti.

"Wamehama," Vandi alisema.

"Hawajahama," Kpana alisema kutoka kivulini. "Wapo. Ninawasikia wamekaa."

"Kaka, unamsikiaje mtu aliyekaa?"

"Oa kwanza, utajua."

Baindu alicheka, lakini hakufurahi. Siku chache baadaye tai wa kweli alipita juu ya kijito, na papo hapo kima na hondohondo wakapiga kelele zile zile za zamani, kwa pamoja, kwa nguvu, mpaka tai akaondoka zake. Basi walikuwa wamemjua. Wanyama na ndege wa upande ule walikuwa wameketi kule ndani wakamsoma Vandi, wakamtenga na tai kama unavyotenga jiwe na mchele. Baindu aliutazama ukuta wa miti ng'ambo ya maji, na kwa mara ya kwanza maishani mwake aliona kuwa msitu ule nao unamtazama.

Hapo ndipo Vandi alipogeukia waya. Aliupata kwa madereva, waya wa kebo za kuvutia magogo, akaufumua nyuzi nyuzi, akatega vitanzi kwenye kila kijia ng'ambo ya kijito. Waya haukuwa na haja ya kumdanganya mtu. Ulikamata paa, nungunungu, kanga wa porini, chochote. Vingine aliviwahi, vingine vilimwozea.

Jioni moja alirudi mikono mitupu, akaweka mfuko wake jikoni, akaenda kuoga. Baindu aliuinua mfuko apate kufagia, na waya ukachomoza. Ulikuwa umekatika. Damu ilikuwa imekaukia kwenye ncha, na kwenye damu ile kulikuwa na manyoya ya rangi ya mchanga, na mengine meusi.

"Vandi," alimwambia aliporudi, kwa sauti ya chini. "Umekamata chui."

"Sijakamata kitu. Umeona chui hapa?"

"Amekata waya. Amekwenda nao mguuni."

Vandi alivaa shati lake bila haraka. Kila mtu wa upande ule alijua kwamba chui ni mali ya chifu. Ukimuua, unampeleka mzima mzima na manyoya yake. Ukimjeruhi, unakwenda kusema siku ile ile, ili wanaume watoke wammalize, maana chui mwenye jeraha ni hatari kwa kila anayekwenda kisimani.

"Sikiliza, shemeji," Vandi alisema. "Nikienda kwa chifu, bunduki inachukuliwa. Bunduki ikichukuliwa, Yema anarudi nyumbani kuchuma kakao na wewe. Unataka? Niambie unataka, niende sasa hivi."

Baindu aliurudisha waya ndani ya mfuko.

"Basi hujaona kitu," Vandi alisema. "Na kaka haoni chochote, kwa hiyo tumepona sote." Alicheka kwa utani wake mwenyewe, akatoka nje.

Baindu hakumwambia Kpana. Lakini wiki ile aliona nyayo kijitoni, penye mchanga laini alipokuwa akivulia samaki kwa wavu wake wa mkono. Tatu zilikuwa za duara, safi. Wa nne haukuwa unyayo, ulikuwa mburuzo. Mwanamke mwenzake, Moiyatu, alizitazama pia, akakusanya wavu wake kimya kimya. Tangu siku hiyo wanawake wa Ngolawoma hawakuvua tena upande ule. Mbuzi mmoja alipotea, kisha mbwa wa Moiyatu. Watu walisema ni fisi. Baindu alikaa pamoja nao, akasema huenda.

Kulikuwa na mti mkubwa ng'ambo ya kijito, hatua hamsini tu kutoka majini, wenye tundu juu kabisa. Kila mwaka hondohondo jike aliingia ndani ya tundu lile, akaliziba kwa udongo, akaacha ufa mwembamba tu, na dume akamlisha kupitia ufa huo miezi mitatu minne, mpaka kifaranga akakomaa. Baindu alikuwa amewatazama miaka saba. Akiwa kwenye kakao alimsikia dume akija kwa mvumo wa mbawa, akatua, akagonga kwa mdomo, akatoa matunda kooni moja baada ya jingine. Baindu aliwahi kumwambia Kpana, kwa mzaha, kwamba yule ndiye mwanamume pekee upande ule asiyeuliza chakula kiko wapi.

Vandi alikuwa amekaa siku tisa bila nyama. Siku ya kumi alipanda mti ule kwa kamba na shoka.

Baindu alisikia mapigo akiwa amebeba kikapu, akadhani ni watu wa magogo. Alipofika ukingoni, udongo wa tundu ulikuwa umekwisha bomolewa, na Vandi alikuwa anashuka na jike mgongoni. Ndege yule hakuwa na manyoya ya kurukia. Humdondoka akiwa ndani, huota upya kabla hajatoka. Alikuwa mnene, laini, mweupe kwa kukosa jua. Kifaranga kilikuwa kwenye mfuko wa shati.

"Hata hajaribu kuruka," Vandi alisema. "Kuku wa bure."

"Vandi, yule alikuwa ndani. Alikuwa amejifungia."

"Sasa si nimemfungulia?"

Baindu aliwapika. Alinyonyoa, akakata, akatia mawese na pilipili, akaweka mbele ya wanaume wawili. Kpana alitafuna mara moja akaacha. "Nyama gani hii?" Alipoambiwa alisukuma sahani, taratibu, mpaka ikafika upande wa mdogo wake.

Dume alirudi. Alikuja asubuhi iliyofuata na matunda yake, akatua kwenye tundu lililo wazi, akagonga penye udongo usiokuwepo. Akatoa tunda. Tunda likaanguka ndani, akangoja. Alikuja mchana, akaja alasiri. Alikuja siku ya pili, na ya tatu. Baindu alijaribu kuvunja kakao akiwa amempa mgongo, lakini masikio hayana mgongo. Siku ya saba alikuwa bado anakuja.

Siku hiyo ya saba ndiyo Vandi alimwambia Baindu aende naye.

"Nipate mtu wa kubeba tu. Wale vijana wa kwa jirani yetu Lahai wameniambia wanaumwa. Wote wanne wanaumwa siku moja!"

"Hawaumwi. Wanaogopa."

"Wewe pia unaogopa?"

Kpana aliyekuwa amelala chali juu ya jukwaa la kakao, mkono juu ya uso kuzuia jua, alisema, "Msiende mbali."

"Hapo hapo tu, kaka. Utatusikia tukikohoa."

Walivuka kijito, Vandi mbele na bunduki, Baindu nyuma na kikapu tupu kichwani. Ilikuwa saa nne za asubuhi. Mwanga ulikuwa umeshuka mpaka chini vipande vipande. Vandi alichagua mahali penye mti wenye mizizi mipana iliyosimama kama kuta, akachutama katikati ya mizizi miwili, akapakata bunduki mapajani. Baindu akakaa hatua ishirini nyuma yake, upande, mgongo kwenye gogo. Kutoka hapo aliuona mti wenye tundu. Dume alikuwa amekaa mdomoni mwa tundu, tunda jekundu limebanwa kwenye ncha ya mdomo wake.

Vandi alibana pua. Sauti ya tai ikapanda, ikashuka. Hakuna aliyejibu.

Alingoja, akapiga tena. Baindu alisikia maji ya kijito. Alisikia nzi kwenye kikapu. Akapiga mara ya tatu, na mara hii mlio ulipokwisha, kima wakalia.

Walilia upande wa kulia, karibu, wengi, dume na majike pamoja. Vandi aligeuza kichwa, akamtazama Baindu na meno yote nje. Wamesahau, uso wake ulisema. Si nilikwambia? Akajivuta mbele, akainua bunduki kuelekea juu, akaanza kutafuta kwenye matawi.

Baindu alimtazama hondohondo.

Hondohondo hakujibu. Aliinamisha kichwa upande mmoja, kama mtu anayesikia majirani wakigombana kwenye nyumba isiyomhusu. Kisha akageukia tundu, akanyoosha shingo, akaweka tunda ndani. Akafuta mdomo wake kwenye gome, upande huu, upande ule.

Baindu alisikiliza tena kilio cha kima, sasa kwa makini, akaondoa kelele na kubaki na neno lenyewe. Hawakuwa wanamlilia tai. Wala hawakuwa wanamjibu Vandi. Aliona sasa kwamba hawakujificha kwenye majani kama wanavyofanya kwa tai. Walikuwa wanashuka, tawi kwa tawi, wakisogea, na nyuso zao nyeupe zote zilikuwa zimeelekea chini, mahali pamoja, nyuma ya ule mti wenye mizizi kama kuta.

Alijua. Hili ndilo alilokuja kulirudia baadaye, kila siku, bila kuweza kulipunguza: alijua, na mdomo wake haukuwa umefungwa na mtu. Jina la silabi mbili tu. Vandi. Lingetoka kwa pumzi moja.

Aliona mgongo wa shemeji yake, shati lililochanika begani alilolishona yeye mwenyewe. Akamwona yule jike mweupe akining'inia mgongoni hapo hapo. Akasikia, si kwa masikio, "Umeona chui hapa?" Aliwaza kwamba nyumba ingekuwa kimya. Akawaza habari ya Yema, na hata hilo halikumfungua mdomo. Kima walishuka tawi jingine. Majani nyuma ya mzizi yalitikisika mahali ambapo hapakuwa na upepo, na bado alikaa, mikono magotini, akivuta pumzi, akitoa, akivuta, akitoa, kama mtu anayengojea chungu kichemke.

Kisha kitu cha rangi ya mchanga kikajitokeza juu ya mzizi, kichwa kwanza, chini kabisa, na Baindu akapiga kelele.

"Vandi! Nyuma! Nyuma yako!"

Vandi aligeuka, na kwa kugeuka alimpa chui uso badala ya shingo. Ndiyo sababu hakufa. Walianguka pamoja kati ya mizizi. Bunduki ikalia juu hewani. Baindu hakukumbuka baadaye alivyoinuka, lakini alikuwa amesimama juu yao na kikapu, akipiga, akipiga, akipiga mayowe ambayo watu wa barabarani waliyasikia, na chui akainua kichwa akamtazama. Alikuwa amekonda. Mguu wake wa mbele ulikuwa umevimba kama tunda lililooza, na waya ulikuwa bado umo, umezama ndani ya nyama. Walitazamana. Kisha akageuka, akaenda zake kwa miguu mitatu, bila haraka, na kima wakamfuata juu kwa juu wakimtukana mpaka sauti zao zikaisha.

Wanaume wa Ngolawoma walimbeba Vandi kwa machela mpaka barabarani, na lori la magogo likampeleka hospitali. Alirudi baada ya miezi miwili. Jicho la kulia halikuwepo, mdomo ulikuwa umevutwa upande mmoja, na mkono wa kulia ulining'inia kama kitu alichosahau kukiweka chini.

Chui walimkuta siku tatu baada ya tukio lile, amekufa kando ya kijito, si mbali na jukwaa la kakao. Pembeni yake kulikuwa na mafuvu ya kima, mengine ya zamani. Wawindaji wazee waliyageuza kwa fimbo wakaelewana bila kusema mengi. Kima wengi wa Vandi walikuwa wakianguka na jeraha, wakampotea vichakani, na chui alikuwa amejifunza tangu kabla ya waya: ukisikia tai yule anayelia chini, nenda, kuna nyama. Siku zile zote alikuwa anakuja alipoitwa. Chifu aliuona waya, akauliza ni wa nani, na hakuna aliyehitaji kujibu. Bunduki ilichukuliwa. Yema alirudi nyumbani mwisho wa muhula, na godoro lake.

Vandi hakuwa tena mtu wa kwenda popote. Alikaa barazani na kaka yake, na kila aliyekuja kumjulia hali alihadithiwa.

"Huyu ndiye mama yangu wa pili," alisema kwa ule mdomo wake uliopinda, akimwonyesha Baindu kwa mkono mzima. "Mimi sijamwona, sijamsikia, yeye kamwona! Mwanamke na kikapu! Wanaume wa hapa wangeweza? Wewe Lahai, ungeweza? Ungekuwa umeshafika Liberia."

Watu walicheka. Wanawake walimwekea Baindu mkono begani. Moiyatu alimletea kokwa za kola, zawadi ya heshima. Yeye alipokea, akashukuru, akaingia jikoni, akasimama mbele ya moto bila kukumbuka alichofuata.

Yeye ndiye aliyekuwa akimlisha, maana mkono wa kushoto wa Vandi ulikuwa bado haujajifunza. Alimpondea wali na kisamvu, akampelekea kijiko upande wa mdomo uliokuwa unafunga. Kila kijiko, Vandi alimtazama kwa jicho moja lililojaa upendo, na Baindu alitazama shingo yake.

Jioni moja mvua za kwanza zilikuwa zimepita, na Vandi alikuwa amelala ndani. Kpana alikuwa kwenye kigoda chake. Baindu alikuwa anachambua mchele.

"Mama Yema."

"Naam."

"Siku ile nilikuwa juu ya jukwaa."

Mikono yake iliendelea na mchele. "Najua ulikuwa pale."

"Nilimsikia Vandi akilia mara tatu. Kisha kima wakalia. Nikamngojea hondohondo." Alipangusa goti lake kwa kiganja. "Baba yako alinifundisha na mimi, unajua. Mwaka ule nilipokuja kukuposa. Hondohondo hakujibu."

Ungo ulisimama.

"Nikajua," Kpana alisema. "Nikasema moyoni, Baindu yuko pale, na Baindu anajua haya kuliko mimi, atapiga kelele sasa hivi. Nikangoja sauti yako." Macho yake meupe yalikuwa yameelekea uani, ambako hapakuwa na kitu. "Nikangoja."

Baindu alitaka kusema alishikwa na woga. Neno lilikuwa tayari, lilikuwa neno zuri, na mwanamume yule angelipokea. Badala yake akasikia sauti yake inauliza, chini kwa chini, "Na wewe, baba Yema? Umbali ule tungekusikia ukikohoa. Mbona hukupiga kelele?"

Kpana alinyoosha mkono kumtafuta mkewe, ukapapasa hewani, ukagusa ukingo wa ungo, ukabaki hapo.

"Shemeji!" Vandi aliita kutoka ndani, sauti nzito ya usingizi. "Mama yangu! Kuna maji?"

Hakuna aliyeitika mara moja. Yema alikuwa kisimani. Baindu aliweka ungo chini, akajaza kikombe mtungini, akaingia. Ndani kulikuwa na giza kidogo. Alimwinua shemeji yake kichwa kwa mkono mmoja, akamnywesha, akampangusa maji yaliyomwagikia kidevuni, na Vandi akalaza shavu lake lenye makovu kwenye kiganja chake.

"Mungu akulipe," alisema. "Mungu akulipe kama ulivyonitendea."

Alimlaza kichwa kwenye mto, polepole, akatoka na kikombe mkononi. Kpana alikuwa amekaa vile vile, mkono kwenye ungo. Baindu hakwenda kukaa karibu naye. Alisimama mlangoni, kati ya wale wawili, mpaka Yema aliporudi na ndoo akamuuliza kwa nini hajawasha taa.